Pengo Lisijazwe

Miaka kumi na tisa Nevyana alisafisha nyuso za watakatifu
chini kabisa ya jumba la makumbusho, Plovdiv,
penye balbu moja na bomba linalovuja.
Dawa zilipokwisha, na ziliisha kila mwaka kabla ya Machi,
alitumia mate yake:
pamba kwenye kijiti, ulimini, kisha shavuni mwa mtakatifu,
duara dogo, duara dogo,
hadi pamba ikawa nyeusi kama tako la sufuria.
"Nimelamba karne mbili za mishumaa," aliniambia,
"na chai bado naionja."

Mimi nilikuwa mshika taa. Miaka kumi na saba,
nimefukuzwa shule, na mjomba alijuana na mtu.
Alinifunza machache:
gundi ya ngozi ya sungura haichemshwi, hupashwa tu;
kiini cha yai hubingirishwa kiganjani mpaka ngozi yake ikauke,
ndipo hutobolewa;
na pengo lisijazwe.

Hilo la mwisho alilirudia hata nisipouliza.

Kulikuwa na Nikola mmoja, aliletwa kutoka zizi la kondoo
huko milima ya Rodopi, walikomgeuza mlango.
Juu, Nikola wa juzijuzi, mashavu kama ya mpiga zumari.
Chini yake Nikola mwingine, mkali, kama anayedai deni.
Nevyana akazidi kushuka, kisu cha mpasuaji mkononi,
theluji ikaanguka mtaani, ikayeyuka,
na chini ya wote akamkuta wa kwanza:
jicho.
Jicho moja, nusu ya nyusi,
na pindo la ukosi, jekundu, refu kama kidole gumba.
Kwingine kote chokaa tupu na matundu ya bungo.

Mkuu wa karakana, Hadzhiev, akasema: mchore mdomo.
Nani atalipa kiingilio aje atazamwe na jicho?
Nevyana akasema: sijui mdomo wake ulikuwaje.
Akasema: wala wewe hujui.

Akahamishiwa idara ya vyungu.

Huko ndiko alikoanza vyake, usiku, juu ya meza ya jikoni.
Ubao. Tabaka nane za chokaa,
kila moja imesuguliwa mpaka ing'ae kama yai lililomenywa.
Halafu siku nyingi za kukaa tu, mikono mapajani.
Halafu mstari mmoja mwekundu, pembezoni kabisa,
pale ambapo pindo lingepita
kama angekuwapo wa kulivaa.
Basi.

Maonyesho ya kwanza, mbao kumi na moja.
Wakaja waliojua mvinyo kuliko rangi.
Mmoja akaniuliza, kwa heshima, picha zitaletwa lini.
Usiku ule bibi Stoyna, mfagiaji wa ukumbi,
akafuta kwa kitambaa kibichi doa la kahawia
alilodhani ni la chai.
Doa la miezi mitatu!
Mimi nilikaribia kulia. Nevyana akainama,
miwani mbili, moja juu ya nyingine,
akakitazama kivuli kilichobaki,
akageuza ubao, akaandika nyuma, chini ya jina lake,
jina la Stoyna.
Kisha akapandisha bei.

Sisemi alikuwa mcha Mungu. Ijumaa Kuu alikula soseji,
na kanisani alikwenda kukagua nyufa.
Ila mbele ya ukuta mtupu alisimama kwa adabu,
kama mtu aliyebisha hodi
akasikia nyayo ndani.

Uzeeni mikono ikaanza kutetemeka. Mstari ukamkataa.
Akaweka nukta. Baadaye hata nukta akaiacha,
akawa anasugua chokaa tu, redio imewashwa,
habari za hali ya hewa, bei ya mbegu za alizeti.

Ubao wake wa mwisho uko kwangu, juu ya friji.
Mke wangu huchomeka bili za umeme nyuma yake.
Hauna kitu. Lakini asubuhi, jua likiingia kwa ubavu,
pembeni chini huonekana alama ya ukucha,
hilali ndogo, ya siku chokaa ilipokuwa mbichi.

Sijui kama alikusudia au aliushika vibaya.
Vumbi huingia mle.
Nalipuliza.